Lozi kwenye Kopo la Uyoga

Jumatatu, 3 Aprili

Makosa kumi na moja wiki iliyopita! Vipandio kumi na kimoja vya ngazi ya mwaloni, vyote vimekatwa vifupi. Aliyekata ni Wiebren, mdogo wangu. Daktari alishasema: ADHD, akili haitulii. Vidonge vya daktari vinamkosesha usingizi, kaviacha. Sasa ana tiba mpya — uyoga wa njozi! Huku kwetu unauzwa dukani, halali kabisa, kama jibini. Nusu gramu kila siku ya tatu, kidogo mno, hata njozi huoni. Ati unatuliza akili. Nani kasema? Fenna, mshauri. Mwaka juzi alikuwa akiuza mapazia.

Nimempa Wiebren hadi siku yake ya kuzaliwa, tarehe sita Mei. Makosa yasiposhuka chini ya matano kwa wiki, anatoka kwenye msumeno. Kwangu ni ngazi tunatengeneza, si majaribio.

Kanijibu: dada, wewe hata Mungu ungempima kwa futi kamba.

Naam. Ningempima.

Jumatano, 12 Aprili

Makosa manane. Anajigamba! Kila dozi anaitilia nukta nyekundu kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa — ile ya chooni kwake, kama nyumba zote za huku. Kila mgeni anayekojoa anasoma matibabu yake.

Basi nami nitapima. Kopo lake linakaa kwenye friji ya karakana. Nimetoa uyoga, nimetia vipande vya lozi nilivyoviloweka kwenye siki na kahawa, vifanane nao. Nusu gramu kila kimoja. Mizani haina undugu.

Ila hesabu ya haki inataka mengine yote yasimame. Redio nimeizima. Simu yake iko kwenye droo yangu. Nampa mchoro mmoja, akimaliza ndipo anapata wa pili. Akasema ajabu, hayo ndiyo aliyoniomba tangu tulipoanza kazi hii kwenye banda la ng'ombe. Upuuzi. Wakati ule tulikuwa wawili na msumeno wa kuazima. Nani alikuwa na nafasi ya kumbembeleza mtu?

Ijumaa, 21 Aprili

Manne. Kwa lozi!

Mama kapiga simu: Wiebren kanawiri, uyoga umemkubali.

Vidole vyake bado kumi. Huwa navihesabu kila jioni akivaa koti.

Jumanne, 2 Mei

Mawili! Tangu nimfahamu hajawahi.

Fenna kaja karakana. Nikampa kahawa na biskuti moja, nikafunga kopo la biskuti. Anataka kumweka Wiebren kwenye karatasi zake za matangazo. Ati uyoga humchagua mtu. Nikamwuliza humchagua kwa kipimo gani. Akanitazama kwa huruma — mimi!

Jumamosi, kwenye sherehe yake ya kuzaliwa, nitasema mbele ya wote. Kopo la lozi nitalibeba.

Jumamosi, 6 Mei

Naandika chooni kwake, mlango nimeukomea.

Huko nje viti vimepangwa duara, kila mtu na kipande chake kimoja cha keki. Kila anayeingia ananishika mkono: hongera kwa mdogo wako! Ndiyo desturi. Kumi na wanne hadi sasa, Fenna akiwemo. Nimekuja huku kupanga maneno yangu, kopo liko mapajani.

Na kalenda iko mbele ya pua yangu.

Aprili. Tarehe tatu, nukta. Sita, nukta. Tisa, nukta. Kumi na mbili — hakuna nukta. Kuna neno, kwa mwandiko wake wa kuku: lozi. Kumi na tano: lozi. Kumi na nane: lozi. Ni Wiebren tu anayeweza kuficha siri chooni!

Nimefunua Mei. Tarehe tatu: "Lozi. Nisimwambie dada, asije akawasha redio tena."

Nimeyasoma mara nne.

Miaka kumi na minane ananiomba, tangu lile banda.

Anagonga mlango. Ni yeye. "Dada! Keki yako Mama anamkatia Fenna! Umekwama kwenye hesabu gani humo?"

Nalificha kopo; halitoshi kwenye mfuko wa koti. Nimejaribu pande zote mbili.

Anagonga tena.