Kibandiko cha Garanti

Alhamisi. Ukungu umeuficha mlima tangu alfajiri, nami sina hamu ya kuuona.

Muzee mwanzilishi wa chama chetu cha wapiga picha; mama na papa wa kamati; Papa Muhindo, fundi wetu wa kamera wa mtaa wa Mabanga; wapiga picha wenzangu wote. Nawasalimu kwanza hapa, katika shajara ninayoiandika hadharani, kwa kuwa nikingoja kusimama mbele yenu nitatafuta maneno ya kujisitiri.

Miaka yote ya urais wangu niliwahubiria jambo moja: kamera ya Japani yenye garanti, ile dhamana ya kiwanda, ndiyo kamera, ya Uchina ni aibu ya mpiga picha. Mwenzetu Mama Zawadi aliniamini. Aliuza zile mbili za Kichina zilizokuwa zikiwalisha watoto wake, akaagiza kutoka Kampala ile niliyoisifu mimi.

Mlima ulipolipuka moto, alikuwa kijijini Kibati akiwapiga picha waliokuwa wakikimbia. Alirudi na kamera iliyoingia majivu ya mlima, inayosaga kama meno yenye mchanga. Papa Muhindo alikuwa ameshashika bisibisi. Nikamzuia. Skrubu ilifunikwa na kibandiko cha garanti. Kikichanika, nilisema, haki yetu imekwisha.

“Mutoto akikohoa, unamupeleka kwa muganga wa karibu,” aliniambia. “Haungojaka wa ku Bulaya.”

Nilimjibu kwa Kifaransa, ajione si msomi. Hilo nalo nalikiri.

Kisha vita vikafunga barabara ya Rutshuru, njia yetu ya Kampala. Kamera ikakaa miezi ndani ya sanduku lake, majivu tumboni, kibandiko kizima. Ilipofika Kampala hatimaye, dukani walimrudishia palepale dereva tuliyemtuma, wakamwonyesha kijitabu cha garanti. Nami nikakisoma, kwa mara ya kwanza, mpaka mwisho. Kilikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ilitaja nchi ambako garanti inatambuliwa, Kongo haimo. Ya pili ilitaja madhara yasiyofidiwa: volkano, vita, ghasia.

Kumbe wanatujua.

Ningependa kuishia kwenye hasira hiyo, ingenifaa. Lakini hainisafishi. Yale majivu yangepulizwa siku ileile. Papa Muhindo alipoifungua iliporudi, pazia la ndani linalofunguka kuingiza mwanga lilikuwa limekwanguka kama bati kuukuu. Tukakuta pia bamba limeandikwa Tailandi, na jingine Uchina. Japani ilikuwa kwenye kioo, na kwenye mahubiri yangu.

Mbele yenu kikaoni, Zawadi alikikunjua kile kijitabu, akakiweka jichoni kama kamera, akanielekezea.

“Prezida, hii nayo inaweza piga foto?”

Mlicheka, na mlikuwa na haki. Yeye hakucheka. Sasa anauza makala, mkaa wa kupikia, mbele ya ukumbi uleule alimokuwa akipiga picha za harusi, na maharusi wanampita.

Je, ni wangapi kati yenu wana majivu ndani ya kamera zao leo, kwa sababu yangu?

Kwa hiyo nauleta uamuzi huu, nanyi mtautekeleza. Jumamosi, saa tatu asubuhi, kila mwanachama afike kwenye banda la Papa Muhindo na kamera yake, vibandiko vichanwe, majivu yatolewe. Ya kwanza kufunguliwa ni yangu. Ni ya aina ileile ya Zawadi, na pazia lake ni zima. Ling’olewe, lifungwe kwenye kamera yake mbele yenu nyote, kisha mchague rais mwingine.

Katibu, andika.