Nilivyoachishwa Kazi Kinuni

Jumatatu, 3 Juni 1996
Ukungu wa milima ya Matogoro ulishuka hadi hapa Mjimwema. Chai, muhogo, kazini. Mimi ni karani wa kinu cha sembe, mwaka wa kumi na moja. Wiki iliyopita mkanda wa mashine ulimkata Rajabu vidole viwili. Kinga ya mkanda iliondolewa tangu kinu kiuzwe kwa mtu binafsi. Leo meneja mpya kanitaka niandike kwenye daftari la ajali kwamba Rajabu alikuwa amelewa. Rajabu wa Tunduru, mswalihina, hajawahi kugusa pombe. Nimekataa.

Jumanne, 4 Juni
Barua. "Umeachishwa kazi kwa kutotii amri halali." Halali. Nimeisoma mara tatu nikaikunja. Sikulia. Nina hasira, na nina haki.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji, mwalimu Komba, anasema niende mahakama ya wilaya. Kwake hakimu ndiye mwisho wa maneno yote. Kaniandikia madai kwa mwandiko wake mzuri. Nitayapeleka Jumatatu.

Ijumaa, 14 Juni
Wiki nzima nimekaa kwenye benchi la mahakama. Leo karani wao, mama wa makamo, kanirudishia karatasi zangu.
"Dada, hapa hatuna mamlaka. Kesi ya kuachishwa kazi namna hii haianzii mahakamani. Nenda kwa Afisa Kazi, yeye ataipeleka Baraza la Usuluhishi. Barua yako ni ya lini?"
"Tarehe nne."
"Basi usilale. Una siku kumi na nne tu tangu siku ile."
Nilikwenda moja kwa moja, karibu kukimbia. Nimemkuta Afisa Kazi anafunga dirisha. Kalifungua tena. Fomu nimejaza nimesimama. Shemeji nimemwambia jioni. Kaniomba radhi. Sina kinyongo naye. Hata mimi sikujua.

Jumatano, 19 Juni
Meneja amewaambia wenzangu kwamba Baraza ni la mashirika ya umma, na kinu sasa ni mali ya mtu. Wengine wameanza kunikwepa sokoni Majengo. Imeniuma. Lakini nimemuuliza Afisa Kazi, naye kasema sheria inamtaja mwajiri, haiulizi ni wa serikali au wa nani. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 11 Julai
Baraza limeketi. Mwenyekiti, mjumbe mmoja wa waajiri, mmoja wa wafanyakazi. Meneja alirudia hoja yake ya mali binafsi. Mwenyekiti kamuuliza swali moja tu: "Huyu mama mlimwajiri, hamkumwajiri?" Kajibu ndiyo. Hoja ikaishia hapo.
Kisha Rajabu. Kaja na bandeji, kaapa kwa msahafu. Akasema, "Dada Sekunda alitakiwa aniandikie uongo, akakataa. Kosa lake ni hilo." Mjumbe wa waajiri ndiye aliyeinamisha kichwa. Nilijua pale pale kwamba tumeshinda, ingawa hukumu bado.

Ijumaa, 19 Julai
Nirudishwe kazini. Wote watatu wamekubaliana. Meneja aliposema ataenda mahakamani, mwenyekiti kamwambia huko hakuna njia. Kama hakuridhika, rufaa ni kwa Waziri. Sijaogopa. Aende.

Jumatano, 7 Agosti
Wiki ya pili kazini. Meneja hakukata rufaa. Tunasalimiana, basi. Asubuhi alinijia binti wa dukani Majengo, macho mekundu, barua mkononi. Ameachishwa jana. Aliuliza mahakama iko upande gani.
"Siyo mahakama, mdogo wangu. Nitakupeleka."
Niliomba ruhusa ya saa moja. Meneja alisaini bila kuuliza ninakwenda wapi.