Kichwa Changu na Ubeti Nilioutunga

Kikwajuni,
Unguja.
Alhamisi, 5 Februari 2026

Mpendwa Shangazi Shemsa,

Shikamoo. Najua barua huanza kwa kuuliza hali, lakini nikianza hivyo nitaujaza ukurasa kwa salamu, kisha ujasiri uniishie. Basi naanza na jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote. Mwaka ule ulipokuja kutoka Maskati kuangalia sherehe za Mwaka Kogwa, mimi nikiwa na miaka tisa, nilipita mbele ya chumba cha uani nyumbani kwa Bibi, Makunduchi. Mlango wa chumba kile haufungi vizuri. Ulikuwa umekaa mbele ya kioo, mtandio uko mapajani, na kichwani mwako hamkuwa na nywele hata moja. Ulikuwa unajipaka mafuta taratibu. Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole, na jambo hilo nimekaa nalo mpaka leo.

Nisamehe. Sikuchungulia kwa makusudi.

Sasa ndiyo nakuuliza: hujambo? Mgongo wako unaendeleaje? Watoto wazima, na masomo yao? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Bibi yupo kwetu wiki ya pili sasa, amekuja kwa ajili ya harusi ya Dada Nasima, na kila asubuhi analalamika kwamba chai ya mjini haina ladha kwa sababu ya maji ya bomba. Babu amebaki Makunduchi na mbuzi wake, atakuja siku yenyewe. Baba anakohoa kidogo lakini anakwenda kazini.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu ninayotumia ni ya Mama, na sauti zako unazotutumia husikilizwa na nyumba nzima. Bi Maryam, jirani yetu, anasafiri kuja huko Jumanne. Atakuletea barua hii pamoja na visheti vya Bibi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Shangazi, mimi pia nywele zangu zinaondoka.

Zilianza mwezi wa tisa. Nyuma ya sikio la kulia niligusa pahala palipokuwa patupu, mduara mdogo kama sarafu. Nilidhani labda pini ya ushungi imenikwangua. Sasa miduara ni mitatu, na mmoja wa kisogoni umefika ukubwa wa kinywa cha kikombe cha kahawa. Hapawashi, hapaumi. Ngozi ni laini tu, kama ndani ya kombe la pwani. Asubuhi naokota nywele kwenye mto kabla Mama hajaingia kutandika, nazifunga katika karatasi, naziweka katikati ya kamusi yangu. Sijui kwa nini naziweka.

Nimesoma nilivyoweza. Jina lake ni alopesia. Si mapunye, haiambukizi, wala si uchafu. Kinga ya mwili inakosea, inapigana na mizizi ya nywele kama kwamba ni maradhi. Nywele zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi. Sentensi hiyo ya mwisho nimeirudia mara nyingi nikidhani nimeruka mstari, maana nimezoea vitabu vinavyojibu.

Shuleni ushungi unanisaidia. Tatizo ni udhu wa adhuhuri. Wenzangu hufunua vichwa bombani bila ya kufikiri, mimi nasubiri mpaka wa mwisho aondoke, ndipo napitisha mkono chini ya kitambaa. Mara mbili nimechelewa sala. Mwalimu aliniuliza kama nina jini la uvivu, darasa likacheka, na mimi nikacheka pamoja nao.

Sasa nikueleze la harusi, maana ndilo linaloninyima utulivu. Shughuli ya wanawake ni Alhamisi ijayo, alasiri, siku chache kabla ya Ramadhani. Unajua mwenyewe inavyokuwa: hakuna mwanamume ukumbini, kila mtu anavua buibui na mtandio, nywele zimesukwa na kufungwa vikuba vya maua na asumini. Wasichana wa ukoo tuko tisa. Tumeshonewa sare ya rangi ya zabibu na tunatakiwa tusukwe msuko mmoja. Msusi anakuja Jumapili. Mimi nimekwisha kusema nina mtihani, nimesema kichwa kinaniuma, na visingizio vimeniishia.

Lakini hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni hili.

Wiki iliyopita alikuja Rukaiya, binti wa Ami Wakil. Unamkumbuka alivyo, mdomo wake hauna breki. Yeye ndiye atakayeongoza nyimbo za upande wetu, zile za kurushiana vijembe na upande wa bwana harusi. Alitaka nimtungie beti, kwa kuwa katika nyumba hii mimi ndiye mwenye madaftari.

"Yupo yule dada yake bwana harusi," aliniambia. "Saadiya, wa Chukwani. Hukumuona siku ya posa? Wanawake watupu, joto la kufa mtu, sote vichwa wazi, yeye kajifunika gubigubi. Nakwambia mle hamna nywele mle! Mtungie, shoga, mtungie."

Nilimtungia. Haikunichukua hata dakika kumi. Nakunakilia hapa ili usije ukadhani najisingizia:

Shoga vua mtandio, tuyaone ya kichwani,
Chanuo umenunua, wataka chania nini?
Asumini zikitungwa, zashika pahala gani?
Kwenye dafu la kuchongwa, hazikai abadani.

Tena niliufurahia, Shangazi. Vina vilikaa, mizani ilitimia, na nilikuwa nimevaa mtandio ndani ya nyumba, katika joto hilohilo, kwa sababu hiyohiyo. Nikijichunguza naona nilifikiri kwamba watu wakikitazama kichwa cha Saadiya, hakuna atakayekitazama changu.

Nyumba nzima ilicheka. Dada Nasima alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Watoto wa jirani wanauimba ngazini. Bibi peke yake hakucheka. Aliuliza unamhusu nani, akaambiwa, akarudi kuchambua mchele.

Tangu siku hiyo najiuliza kama utani wa namna hii ni mbaya au ni mimi tu nimekuwa mwepesi wa kuumia. Mjomba Pandu ana kipara tangu nizaliwe. Akiingia, Rukaiya husema, "Zimeni taa, mwangaza umefika," naye hujibu kwamba nywele zake zilimkimbia siku ya kwanza aliyosikia sauti ya Rukaiya. Hakuna anayeumia, nadhani. Na siku ya Mwaka, Makunduchi, wanawake huimbiana maneno ambayo siku nyingine yangeleta kesi kwa sheha, kisha wote hula chakula pamoja. Bibi huimbiwa na rafiki yake mwenyewe wa tangu utotoni, na mwaka asipoimbiwa hununa.

Lakini siku ya Mwaka kila upande una zamu yake. Mjomba Pandu ana jibu. Saadiya atajibu nini? Ili ajibu itambidi kwanza avue mtandio. Mtu anayejificha hawezi kujibu, na sisi tumemchagua kwa sababu anajificha.

Hapo huwa naona nimepata jawabu, kisha linanitoka. Maana kabla ya mwezi wa tisa ningeutunga ubeti ule ule na ningelala vizuri. Je, nimejifunza kitu, au nakihurumia kichwa changu tu?

Kuna la mwisho. Ulipokuwa hapa sisi watoto tulikupa jina, Bi Kilemba, kwa kuwa hukuvua kitambaa cha kichwani hata siku ya joto kali. Mimi nililitumia jina hilo. Nililitumia hata baada ya kukuona kupitia mlango ule, na nadhani baada ya hapo nililitumia zaidi. Sijui kama lilikufikia. Miaka saba hujarudi, na Baba husema ni kazi nyingi. Naogopa kuuliza kama ni kazi.

Nisalimie Mjomba Muhiddin, mumeo, na watoto wote wawili, hasa Tahir, mwambie kitabu chake bado ninacho. Bibi anakusalimu sana, na Baba na Mama, na Dada Nasima anasema zawadi uliyomtumia imemtosha vizuri mabegani. Mwenyezi Mungu akupe afya, akuondoshee uzito wowote ulionao moyoni, na atukutanishe tungali tunatambuana.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata ninapoona haya,

Mardhiya

*

Jumatatu, 9 Februari, kabla ya shule.

Nimeifungua bahasha tena.

Jana baada ya adhuhuri alikuja msusi, Bi Ulfat. Mkeka ukatandikwa uani, Dada Nasima akakaa wa kwanza, na Rukaiya akaanza kuwafundisha wenzetu nyimbo. Mimi nilisimama mlangoni na kitabu ambacho sikuwa nakisoma. Walipoufikia ubeti wangu nikasema wasiuimbe. Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena.

"Kwa nini, mtunzi?" akauliza Rukaiya. "Nshauhifadhi wote, sasa ndiyo waona haya?"

"Si mzuri."

"Huo ndio mzuri kuliko wote! Ala! Kwani Saadiya kakupa nini?"

"Hajanipa kitu. Kama lazima uimbwe, niimbieni mimi."

Nikatoa pini, nikavua mtandio, nikawapa kisogo.

Vidole vya Bi Ulfat vilisimama ndani ya nywele za Dada Nasima. Mtoto mmoja akasema, "Mapunye hayo!" na nikasikia akifinywa. Mama aliweka chini sinia la vikombe bila ya kutazama anakoliweka.

Bibi aliinuka kwenye kigoda chake. Akaja, akaweka kiganja juu ya ule mduara mkubwa, kiganja kikaufunika wote. Wewe unajua utani wangu na Bibi tangu nizaliwe ni wa wake wenza.

"Mke mwenzangu," akasema, "kumbe ulikuwa unachimba visima huku nyuma, na sisi kule twahangaika na maji?"

Wote wakanitazama mimi. Hakuna aliyethubutu kucheka. Jibu likaja lenyewe.

"Chimba na wewe, Bibi. Hata kwa hizi chache zilizobaki, Babu bado anatazama huku."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Hapo ndipo wengine wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, na haikuuma. Rukaiya angeyasema maneno yale yale ningekimbilia chumbani. Sijui kueleza kwa nini. Wewe ukijua, niandikie.

Rukaiya hakucheka. Aliingia jikoni akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikwisha oshwa. Mpaka jana anaondoka hakuwa amesema na mimi, na sijui kama amekasirika au ameona aibu. Mama aliniuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Kilichomuumiza, nilivyoona, si nywele, ni kwamba miezi yote hiyo anatandika kitanda changu na hakujua. Baada ya harusi atanipeleka kwa daktari wa ngozi. Na kichwa cha Saadiya mpaka leo sijui kina nini, na nimeona si kazi yangu kujua.

Kisha Bibi alinivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Shemsa naye alikuwa akijifungia chumba cha uani. Anadhani mlango ule unafunga."

Siri ilikuwa yako, na sikutaka kuitoa.

"Sikumwambia neno," akasema. "Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima. Na yeye akanyamaza, akaenda zake."

Alhamisi ukumbini sijui kama nitavua mtandio. Jana nilikuwa na jibu moja tu, na ukumbi ule ni mkubwa.

Nilichofanya baada ya hapo ni hiki. Niliuchana ule ukurasa wa ubeti kutoka kwenye daftari, nikautia kwenye jiko la makaa lililokuwa linachemsha chai. Nikatunga ubeti mwengine, wa kuwatania watu wa Chukwani kwa kuchelewa siku ya posa, na hilo wana la kulijibu, maana walipofika walikuta pilau yetu bado haijaiva. Kisha nikakaa kitako mkekani, kichwa wazi, nikampa Bi Ulfat chanuo langu.