Namna Nilivyoharibu Egzame ya Furaha

Kampala, Siku ya Tatu, asubuhi

Kwa Papa Furaha, mume wangu, kule Kashebere,

Jambo sana, Papa wa watoto wangu. Mimi niko muzima, Furaha iko muzima, na mujukuu wako iko muzima kupita sisi wote, maana ameota meno na anauma kila kitu, hata Biblia yangu. Na wewe? Magoti yako inaendelea namna gani na hii mvua? Maharagi ulipalilia, ao unangoja nirudi nikupalilie? Na kule mafasi iko kimya, hakuna risasi? Hapa watu wanashika telefone na kusema mambo ya Masisi, huyu hivi, huyu vile, na kila mara naacha sufuria nasikiliza. Tumekuita ku telefone mara na mara, rezo hakuna. Basi nikasema nitaandika, na yule mama wa Sake mwenye kuuza vitenge njo atakuletea barua mukononi. Umupe chakula kabla hajarudi njiani, usimuache na maji tu kama vile wanaume wanafanya.

Papa Furaha, nianze na neno hili, na usikasirike. Kama umekwisha kutangaza kanisani kwamba mutoto amemaliza masomo, uwaambie wangoje. Kesho anafanya egzame, ule mutihani wa mwisho, tena. Nasema tena. Ile ya kwanza iliharibika, na aliyeiharibu si Furaha. Ni mimi.

Lakini usimuwazie mutoto mubaya. Furaha wako hapa ni muntu. Alifika darasani hajui hata kuomba maji kwa Kiingereza, na sasa wale waliozaliwa na Kiingereza chao wanakuja kumuuliza mambo ya mifupa. Majina ya mifupa yote anayo kichwani, hata kale kadogo ka ndani ya sikio. Hapa kwenye tunapanga, majirani wananiita Mama Dokta. Sikatai. Nani anakataa heshima? Siku ya Mungu nikivaa kile kitenge cha kijani ulichoninunulia Goma, nikatembea na mujukuu mugongoni, watu wanatoka mulangoni kuniangalia, na mimi najifanya sioni.

Najua dada yako mukubwa anasema nini. Alinisemea mbele ya wanawake kule kisimani siku nilipoondoka: "Eh, Mama Furaha, mutoto miaka yote hii ku Uganda kwa kujifunza kukanda watu? Hata mimi nakanda! Mawese na mikono yangu njo diplome." Wote wakacheka, na mimi nikacheka na meno tu. Basi umuelezee polepole. Ile kazi kwetu inaitwa kine, hapa wanasema fizio, na kukanda iko ndani kidogo tu. Kazi yenyewe ni kufundisha mwili uliosahau. Muntu aliyepigwa risasi ku muguu, ao aliyepandwa na damu kichwani mpaka upande mumoja ukalala, kwetu tunamufanyia nini? Tunamutandikia vizuri, tunamulisha na kijiko, tunamugeuza, tunamuombea, na anabakia pale pale. Hawa wa kine wanamusimamisha. Niliona na macho yangu mwanamuke aliyefika amebebwa kama muzigo wa kuni, akaondoka na miguu yake anabishana na mume wake bei ya moto, ile pikipiki ya kuwarudisha. Furaha njo alimufundisha. Mutoto wa tumbo langu.

Sasa nikuambie namna mambo iliharibika.

Egzame wanaifanyia hopitali, ndani ya chumba kikubwa chenye mulango wazi ku baraza, na mugonjwa wa kweli, si wa kuigiza. Nilikuwa nimemupeleka mujukuu anyonye. Alipomaliza kunyonya, Furaha akaniambia, "Mama, unaweza kukaa ku ile benchi ndani, lakini kimya." Nikakaa. Kimya mimi nakijua, si unajua namna ninavyokaa kanisani? Wakaleta muzee mumoja wa hapa, wanamuita Jjajja, njo kusema babu. Mukono wake wa kuume na muguu wa kuume vililala tangu damu ilipomupanda. Wakamukalisha ku kiti. Mbele yake, mbali kidogo, meza, na ku meza kikombe cha maji. Na ku pembeni mwalimu wao mukubwa, Madame mumoja mwembamba, miwani inaninginia shingoni na kamba, anaandika.

Furaha akasema na yule muzee kidogo, kisha akasimama karibu yake, mikono wazi, bila kumugusa. Muzee akajaribu kusimama. Akashindwa. Akajaribu tena, akatetemeka, jasho likatoka ku paji la uso. Na Furaha anaangalia! Anaangalia tu, Papa Furaha, kama muntu anayeangalia sufuria. Nikasema ndani ya roho, mutoto wangu ameogopa, amesahau yote. Kwetu muzee anahangaika kusimama na wewe mwenye nguvu umekaa kama mufuko wa makala ya jiko? Watakuuliza ulilelewa na nani. Na mimi njo nilimulea!

Nikamupa mujukuu mama mwenye alikuwa pembeni yangu, nikasimama, nikafika. "Pole, Papa, pole sana, kuja." Nikamushika chini ya makwapa, nikamunyanyua, unajua nguvu zangu, nikamupeleka mpaka ku meza, nikamukalisha vizuri, nikamunywesha maji, nikamufuta kinywa na pembe ya kitenge. Muzee akafurahi sana, akasema, "Webale nnyabo," njo asante mama. Na mimi nikamugeukia Madame nikicheka, nikingoja aniambie vizuri. Nilijua kabisa Furaha amepata pointi.

Hakuna aliyecheka na mimi. Hata wanafunzi wenzake Furaha waliangalia chini. Madame akafunga karatasi zake.

Njia yote Furaha alitembea mbele, mimi nyuma. Afazali angelinitukana. Tulipofika akakaa kumenya ndizi, na mimi nikakaa mbele yake.

"Mama," akasema, "hawakunikatia pointi juu yako."

"Sasa juu ya nani?"

"Juu yangu. Muzee alitakiwa kusimama yeye mwenyewe. Miezi yote hii tumemufundisha. Madame akaniuliza, kwa nini ulinyamaza? Nikamujibu, yule ni mama yangu. Akasema, kila mugonjwa iko na mama, ao bibi, ao mutoto mwenye kumupenda kupita kiasi. Ukimuogopa wako, wa wengine utawaweza namna gani?"

"Kwa hiyo alitaka unipigie kelele mbele ya wazungu?"

"Hakukuwa muzungu hata mumoja, Mama."

"Ni namna ya kusema tu."

"Alitaka nikuambie ukae."

Papa Furaha, wewe unajua namna tulivyowalea. Huyu mutoto hakupita mbele yangu nikila. Mpaka leo akinipa maji anainama kidogo, hata hapa Kampala kwenye watoto wanajibizana na wazazi kama rafiki. Mimi nilikuwa najivunia ile heshima kupita hata Kiingereza chake. Na sasa njo ilimuangusha.

Wakamupa nafasi moja tena. Muzee ule ule, kiti kile kile. Furaha akianguka tena, anarudia mwaka muzima, na feza ya mwaka muzima wewe na mimi tunajua hatutaitoa popote. Na Madame akaweka neno lingine: mama yako arudi, akae pale pale alipokuwa amekaa.

Nilimuambia Furaha, "Basi iko rahisi. Wewe ukikohoa, mimi nitasimama kidogo, kisha utaniambia nikae, na mimi nitakaa. Madame atafurahi."

"Hapana, Mama. Ile itakuwa uongo."

"Basi sitasimama kabisa."

"Hutaweza."

"Mimi? Mimi niliyezaa watu sita bila kulia?"

"Kulia unaweza kujizuia, Mama. Kusaidia huwezi."

Akacheka, lakini macho yake haikucheka. Tangu siku ile hali vizuri. Anaacha fufu ku sahani, fufu ya muhogo nilitafuta soko nzima! Nasikia anajisemesha wakati anafua, midomo inatembea bila sauti. Nikimuuliza, anasema anarudilia somo. Lakini mimi najua ni somo gani. Anajifunza kuniambia mimi neno.

Na mimi roho haitulii. Nisipoenda, Madame atasema amenificha. Nikienda nikasimama, na mutoto akanyamaza tena, nimemuua kazi na mikono hii hii iliyomuogesha. Omba, Papa Furaha. Najua barua itafika kisha mambo kwisha, lakini omba tu, Mungu atapanga saa mwenyewe.

Mujukuu ameamuka, analia. Ngoja niache hapa.

Siku ya Ine, jioni

Tumerudi. Nimekaa ku mukeka, usiangalie maandiko.

Tulifika mapema. Nikakaa ku benchi ile ile, nikafunga mujukuu kifuani badala ya mugongo, nikasema nikijaribu kusimama, atanizuia. Wakamuleta Jjajja. Papa Furaha, yule muzee aliponiona alicheka na upande ule muzima wa kinywa, akanipungia mukono kama ndugu. Furaha akamuambia asimame. Hakujaribu hata kidogo! Akasema kitu kwa luga yao, na chumba kizima kikacheka. Furaha alinitafsiria kisha. Alisema, "Nisimame kwa nini? Yule mama wa Kongo iko pale, mumuache aje anibebe."

Ona mimi nilichomufanyia mutoto wangu. Muzee aliyekuwa amejifunza miezi yote, mimi nilimusahaulisha siku moja.

Furaha akainama, akasema naye polepole. Muzee akakunja uso, akashika kiti na mukono wa kushoto, akasukuma. Akapanda nusu. Goti likaanza kucheza. Nikamuona anarudi chini, macho yake juu yangu, ananiita bila sauti. Nilikuwa nimeapa, Papa Furaha. Nilikuwa nimeapa mbele ya Mungu. Lakini mwili ulisimama wenyewe, na mujukuu kifuani na yote, na muguu wangu mumoja ulikwisha kutoka.

"Mama, ikala."

Hakugeuka. Macho yake ilikuwa ku muzee. Hakupiga kelele, lakini ilisikika mpaka baraza. Maneno mbili tu. Hata mama mwenye kusafisha akasimama na mufagio.

Nikakaa.

Nilikaa juu ya mikono yangu, kweli, niliiweka chini ya mapaja kama mutoto wa shule. Uso ulikuwa unaniwaka moto. Na muzee aliona nimekaa, akakasirika, akasema neno moja kali la kwao ambalo Furaha amekataa kunitafsiria, na kwa ile hasira akasimama! Akasimama wima. Furaha akamupa fimbo, hakumugusa, mikono yake ikamufuata tu hewani, huku na huku, kama unavyomufuata mutoto anayejifunza kutembea. Muguu mumoja. Kisha ule mwingine, anauvuta. Nikauma pembe ya kitenge. Akafika ku meza, akaegemeza fimbo, akashika kikombe, nusu ya maji ikamwagika ku shati lake, na nusu akaikunywa, peke yake, amesimama. Kisha akaniangalia kwa kiburi, hakuna namna ingine ya kusema. Mara ya kwanza alinishukuru. Mara hii aliniangalia kama muntu asiye na deni kwangu.

Madame aliandika muda murefu, ilikuwa kama anaandika Agano la Kale. Akavua miwani. Akasema na Furaha kwa Kiingereza, na nikaona mabega ya mutoto inashuka, na sikujua kama ni furaha ao ni kilio. Kisha Madame akanigeukia mimi, kwa Kiswahili chao cha kukatakata: "Mama, wewe ulikuwa mugonjwa wake mugumu. Amepita."

Amepita, Papa Furaha! Sasa tangaza, hata na ngoma.

Inje, ku baraza, alipiga magoti mbele yangu, mbele ya watu wote, na vazi lake nyeupe. "Mama, unisamehe kwa lile neno." Nikamunyanyua haraka, vazi lisichafuke. Nikamuambia, "Neno lilikuwa zuri. Lakini ulilisema polepole sana. Ningelikuwa mama mwenye masikio mazito, ningelikuwa nimekwisha mubeba."

Salamu kwa pasta, na kwa kaka yangu wa Masisi kama atashuka. Salamu kwa dada yako mukubwa, ziwe nyingi, na umusomee barua yote, hata kwenye nimemutaja. Salamu kwa kijana wetu mudogo, asiache shule juu ya kuchoma makala. Na salamu kupita zote kwa mama yako. Najua tangu alipoanguka unamubeba ku mugongo kila asubuhi mpaka inje ku jua, na watu wote wanakusifu, hata mimi nilikusifu. Furaha anakuja. Kazi ya kwanza atakayofanya, ameniambia, ni huyu mama yako. Itakuwa kiti, na fimbo, na mama yako atatetemeka na kukuita jina lako la utoto. Utasikia uchungu, mume wangu. Nitakuwa ku benchi pembeni yako, nimekushika mukono nguvu. Tutakaa.

Ni mimi, bibi yako mwenye kukukumbuka,

Mama Furaha