Ngazi za Kiratpur

Harrow, London
9 Novemba 2005

Mpendwa binti yangu Tejwant,

Adabu ni kukujulia hali kwanza, lakini leo nakuomba uketi kabla ya salamu. Kuna jambo la marehemu baba yako nililokuficha miaka kumi na minne, nami naogopa kufa nalo.

Sasa salamu. Hujambo? Watoto hawajambo? Mvua za Nakuru zimeshuka? Mimi kifua kimenichosha. Daktari haniambii tena "ukipona", husema "ukipata nafuu". Nikilala naogopa kwamba sitaamka, na simu ikilia naogopa kwamba ni wewe.

Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa nyumba hii haina mwingine anayekisoma. Mwanangu Balraj alikisahau, na wajukuu hawakukijua. Asubuhi mkewe aliniuliza naandika nini, nikamwambia orodha ya mbegu za bustani.

Umesema Januari utawapeleka watoto Punjab, kwenye mto wa Kiratpur tunakotia majivu ya wafu wetu. Umesema utaichukua ile barua yangu ya mwaka 1991, usimame kwenye ngazi ileile niliposimama nikimwaga majivu ya baba yako. Usiitafute, mwanangu. Ngazi hiyo sijaikanyaga.

Unakumbuka kaka yangu, baba yako, alikuja kwetu huku London kutibiwa moyo. Ukutani aliona picha yangu ya Hyde Park, mwaka 1984, kipaza sauti mkononi, nikidai nchi ya sisi Kalasinga, ijitenge na India. Alicheka mpaka akakohoa. "Bwana mdogo, wewe mzaliwa wa Nakuru! Hiyo nchi unayoipigania, mabasi yake yanasimama wapi?" Nilinuna siku mbili. Wiki tatu baadaye alifariki. Wazee wa gurdwara, hekalu letu, wakasema majivu yapelekwe nyumbani, na nani ayapeleke kama si mimi, msemaji wao?

Balraj alinishusha uwanja wa ndege. Nilingoja gari lake lipotee, nikapanda treni hadi Barking kwa Francis, tuliyefanya naye kazi reli kule Nakuru. Alifungua mlango, akalitazama sanduku langu. "Karani, siku hizi Punjab imehamia Barking?" Hakuuliza zaidi. Nilikaa kwake siku kumi na mbili, mapazia yamefungwa, nikishtuka kila mtu alipopita nje. Ni pale, kwenye meza yake ya jikoni, nilipokuandikia ile barua: maji ya baridi, mzee wa kilemba cha buluu, ngazi zenye utelezi. Vyote nilivitunga.

Niliporudi, gurdwara walinivisha kitambaa cha heshima mabegani mbele ya watu wote. Niliinamisha uso nisionane nao macho. Wakadhani ni majonzi.

Miaka yote hii nimejiambia kwamba serikali ya India ilikuwa na majina yetu sisi wa Hyde Park, kwamba ningekamatwa nikishuka tu kwenye ndege. Wenzetu kweli walikamatwa. Sababu hiyo nimeishika kama mgonjwa anavyoshika fimbo.

Baba yako yumo kabatini mwangu, nyuma ya vilemba, ndani ya lile kopo kubwa la mafuta ya Kimbo alilotuletea limejaa njugu. Hofu yangu kubwa ndiyo hii: nikifa, mkwe wangu atasafisha chumba na kulitupa pamoja na takataka, bila kujua. Tafadhali, kabla ya Punjab, pitia hapa. Ukikuta nimekwisha kwenda, mwambie Balraj kopo lile ni lako. Baba yako aende Kiratpur au arudi Nakuru, amua wewe. Mimi sina haki tena ya kumwonyesha mtu nyumbani ni wapi.

Nisalimie mama yako, umwombe radhi kwa niaba yangu, maana mimi siwezi. Nisalimie na jirani yenu Bhanu. Watoto wabusu vipaji vya nyuso. Waheguru awatangulie katika kila safari, na awarudishe wazima.

Nikupendaye hata usiponisamehe,
Baba yako mdogo,
Sarwan

Nimetia sahihi na bado sijasema. Jana nilifungua pasipoti yangu ya zamani kuhakikisha, maana mtu akidanganya sana husahau. Walionitisha hawakuwa polisi. Niliogopa kushuka katika nchi niliyoililia kwa kipaza sauti, nisijue basi linasimama wapi. Tejwant, viza ya India nilipewa.