Shaba Uliyoikata Milanzi

Mjomba,

Bomba la Milanzi linatoka maji tena. Nimelifunga mimi jana asubuhi, kwa vifaa vyako, na katika kulifunga nimemchoma mtu mkono makusudi. Nakwambia wewe kwanza, kwa sababu hasira zangu unazijua. Ulikuwa unasema nikikasirika hata spana inaniogopa. Leo nimekaa kwenye benchi lako hapa Majengo, nakuandikia.

Una wiki saba kaburini. Mkeo, Mama Veneranda, hafungui redio tena. Baiskeli yako polisi waliirudisha fremu imepinda, mkeo akaiegemeza ukutani na hataki iguswe. Kofia yako ya sufu anaivaa yeye, maana baridi ya mwezi huu inauma masikio, na wateja wakija kumuulizia fundi anawaambia fundi ni Priska. Fundi gani mimi.

Acha niseme ile siku kwa upande wangu, maana nimeusema uongo mpaka nimeuzoea.

Yule mzee anayeitunza nyumba ya zamani ya wamisionari alitupa kazi ya kubadilisha bomba la nje, lile ambalo mtaa mzima unateka maji. Ng'ombe walikuwa wanajikuna pale mpaka shingo ya bomba ikapasuka. Baada ya hapo mzee akapanda gari kwenda kwa binti yake Kirando, hakumwambia jirani hata mmoja kwamba mafundi wanakuja. Tukafika saa moja asubuhi. Ukafunga koki kubwa, ukakata bomba la shaba karibu na ukuta, ukakitia kile kipande mfukoni ukatafute jointi ya saizi yake mjini, kwa sababu mabomba yale ni ya kizamani na vipimo vyake si vya siku hizi. Ukaniambia, "Priska, usibanduke hapa. Watu wakija na ndoo, waambie maji yatarudi mchana."

Nikabanduka, Mjomba. Nilikuwa nimesahau ugali.

Nani atanielewa nikisema hivyo? Mafundi wa mabomba ya plastiki wangenicheka. Koki ya nyumba ile ilikuwa inavujisha kidogo, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba shaba yenye maji ndani hailehemiki: moto wote unaishia kuchemsha maji, lehemu inaganda juu juu kama makamasi. Dawa yake ni bonge la ugali wa ulezi uliolala. Unalisokomeza ndani ya bomba, linazuia maji wakati unachoma, presha ikirudi linatoka lenyewe. Kila kazi ya shaba ulikuwa unaniuliza, "Chakula cha bomba kipo?" Siku hiyo nilijibu kipo, na kilikuwa mezani nyumbani. Nikaona aibu kukwambia. Nikasema nitakimbia, nitarudi kabla hujarudi.

Watu wakaja na ndoo, wakakuta bomba halipo na shaba imekatwa. Mwezi uliotangulia walikuwa wameibiwa nyaya za pampu ya kisima, wakateseka vibaya. Hapo hapo ukatokea wewe kwenye kona, na baiskeli yako, kipande cha shaba kinachungulia kwenye mfuko. Hakuwepo mtu wa kuwaambia kitu.

Nilikukuta chini. Nilichosikia kwanza hazikuwa kelele za watu, ilikuwa sauti ya tofali kwenye mwili, kavu, kama mtu anapiga gunia la mahindi. Kulikuwa na wanawake niliozoea kuwaamkia. Kijana mmoja alikuwa anakupiga magotini kwa spana yako mwenyewe. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, meno yako yalikuwa kwenye vumbi. Na Kasiani, yule mwashi anayekaa nyumba inayotazamana na bomba, alikuwa amesimama juu yako na tofali la kuchoma, amelishika kwa mikono miwili. Uliponiona ukainua kidole.

"Muulizeni mpwa wangu," ulisema, na damu ikatoka pamoja na maneno.

Wakageuka wote. Kasiani akaniuliza, "Wewe dada, unamjua huyu?"

Nikamtazama yule mwenye spana. Mama mmoja alikuwa ameshaokota jiwe na ananikodolea macho mimi. Nikasema, "Simjui."

Ulinisikia. Najua ulinisikia, kwa sababu ulishusha kidole. Kasiani akalishusha tofali kichwani, akaliinua, akalishusha tena. Mimi nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye mahindi ya watu, nikatapika huku nimeukumbatia mfuko wa ugali.

Msibani wazee walinisifu. Waliniona nimekaa karibu na jeneza siku mbili bila kula, wakasema damu nzito kuliko maji. Nilitaka ardhi ipasuke. Polisi walipokuja kuuliza, mtaa mzima haukuona kitu, ni wananchi wenye hasira tu, hawana majina. Nami nikaandikisha kwamba nilifuata ugali, nikarudi nikakuta umekwishakufa. Wangapi walikupiga sijui, lakini aliyekumaliza namjua kwa sura na kwa jina, na wiki saba nimekuwa nikipishana naye njiani. Nikimtaja Kasiani, naye atasema nilichojibu. Hapo ndipo nilipokwama, Mjomba. Mkeo ananiita mwanangu, ananiwekea mnofu mkubwa, na mimi nanyamaza.

Wiki iliyopita wakaja kwetu. Wale wale, maana mzee alikuwa amerudi kutoka Kirando akawaambia kwamba kazi alikupa yeye. Walileta gunia la ulezi na kuku wawili, wakakaa uani vichwa chini, wanamwamkia Mama Veneranda shikamoo kama wakwe. Bomba lilikuwa bado limekatwa. Walikuwa wamejaribu kuunganisha plastiki kwa mipira ya baiskeli, ikafumuka. Wanateka mtoni wanakonyweshea ng'ombe, watoto wana homa ya matumbo, na fundi wa kulehemu shaba mji huu walimuua wenyewe. Nilikuwa na sufuria ya maji ya moto jikoni. Namuomba Mungu anisamehe, niliishika mpini nikaanza kutoka nayo. Mkeo akanizuia mlangoni. Akasema, "Nenda kawafungie. Watoto hawakumuua mtu."

Basi jana nikaenda. Nikafungua mfuko wako, nikasugua shaba kwa msasa mpaka ikang'aa, nikapaka dawa ya kulehemu, nikasokomeza ugali. Shimo la ukuta lilikuwa limepanuka, bomba linacheza, lazima mtu alishikilie. Nikauliza nani atanisaidia. Kasiani ndiye aliyekuja, akapiga magoti kando yangu.

Kwenye mfuko kulikuwa na kitambaa kilicholowa. Unakijua, ndicho tunachoshikia. Sikumpa. Nikamwambia, "Shika hapa karibu na jointi, na usiachie mpaka nikwambie." Yeye ni mtu wa matofali na udongo, hajui kwamba moto kwenye shaba husafiri. Nikawasha gesi ya kuchomelea, nikaelekeza moto kwenye jointi kama ulivyonifundisha, pasha jointi usipashe lehemu, na nikamtazama usoni.

Ilianza taratibu. Akakunja uso. Akatokwa na jasho. Lehemu ikayeyuka, ikaingia vizuri kuzunguka jointi, kazi imekwisha, na sikuzima moto. Nikasikia harufu ya nyama, Mjomba. Nilifurahi. Sitakuficha, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na nikasogeza moto karibu zaidi na vidole vyake. Kasiani hakuachia. Alikuwa ameuma mdomo mpaka ukatoka damu, na hakuachia.

Akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, nilikuuliza."

Moto niliuacha palepale.

"Nilikuuliza kwa sababu moyo ulikuwa unakataa. Ungesema unamjua, tofali ningeliweka chini."

Nikazima gesi. Alipotoa mkono, ngozi ya kiganja ilibaki kwenye bomba. Watu waliosimama nyuma walidhani ni ajali, wakamkimbilia na maji ya ndoo, na yeye hakusema vinginevyo. Nikafungua koki. Ugali ukatoka vipande vipande, kisha maji meusi, kisha meupe. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilikusanya spana zako nikaondoka bila kunywa hata tone.

Sijui kama Kasiani anasema kweli. Muuaji anaweza kusema lolote apate usingizi, na kama analala sasa namchukia kwa hilo pia. Tofali lilikuwa mkononi mwake, halikuwa mkononi mwangu. Lakini usiku kucha nimejaribu kuisikia sauti yangu ikisema "ni mjomba wangu", nione kama mikono yake ingeshuka, na kila mara nashindwa kuona wangempigia nini tena mtu aliyekwisha kutajwa ukoo. Labda wangetuua wote wawili. Ningekuwa nimelala hapo ulipo, na nisingekuwa na cha kukuandikia.

Nakuahidi, Mjomba, na kwenye ahadi hii sitabanduka. Kesho saa mbili nitakuwa kituoni. Nitamtaja Kasiani, nitamtaja kijana wa spana, nitamtaja yule mama wa jiwe. Nitasema na kuhusu mkono. Nitawaambia niliulizwa kama nakujua, na nilijibu nini, waandike kama ilivyo. Wakinifunga, wanifunge. Vifaa vyako nimevipaka mafuta visishike kutu.

Pumzika, baba yangu wa upande wa mama, fundi wangu. Sikuombi unisamehe leo, bado sijafika mahali pa kuomba msamaha.

Mama Veneranda anaita chakula. Nitamwambia yote sasa hivi, kabla sijanawa mikono.

Mpwa wako,
Priska