Shimo la Polhi Chini ya Jabali

Jumanne, 8 Januari 2019

Kwa daftari hili, salamu na heshima. Madhumuni ya kuandika ni kupanga hoja za barua yangu kwa mkutano wa wenye msitu, Jumapili tarehe 20. Jirani yangu Matevž Hribar ameomba ruhusa ya kulijaza mawe shimo la ukoo wetu, ili trekta lake la magogo lipate njia. Ndimo wanamolala polhi tangu Oktoba hadi Mei — panya wa mitini, wanono, wenye mikia kama ya kindi. Babu na baba walitega mdomoni pake kila vuli. Mimi nimepumzisha mitego miaka sita, kwa kuwa miti ilizaa haba. Matevž anadai shimo limekufa. Nitamjibu kwa ushahidi. Sina shaka.

Alhamisi, 10 Januari

Nimepanda mlimani hadi shimoni. Theluji ya magotini, lakini mdomo wa shimo u wazi — pumzi yake ya vuguvugu imeiyeyusha. Picha nne. Ushahidi kamili!

Ijumaa, 11 Januari

Si kamili. Dada yangu Zofka amezitazama picha huku akimenya viazi, akanikumbusha kwamba mashimo yote ya mlima huu hupumua, hata yasiyo na kiumbe. Kisha akasema, "Kaka, mwache shetani ajiandikie barua. Si ndiye mchungaji wa polhi, kama wazee walivyosimulia?"

Nimefuta aya ya tatu ya barua, ile ya pumzi.

Jumatatu, 14 Januari

Matevž, dukani, mbele za watu: "Mzee Lovrenc, barua zako tamu kweli. Lakini niwekee polhi mmoja mezani, mmoja tu, nami nitageuza trekta."

Wamecheka. Nimemwahidi kwamba atampata.

Jumamosi, 19 Januari

Nimelala kifudifudi mdomoni mwa shimo, nikapenyeza mkono hadi begani katika ufa wa kushoto. Majani makavu. Kisha kitu cha mviringo, baridi kama jiwe la mtoni, ila laini. Wa pili. Wa tatu. Wamo!

Nimemtoa mmoja. Amejikunja, mkia umemfunika uso. Mfuko wa sufu ulikuwa tayari. Ndipo nikafikiri: ukumbi wa zimamoto, tutakapokutania, una jiko la kuni. Atazinduka katikati ya ajenda. Mafuta aliyojiwekea yatateketea, na nje hakuna hata mbegu moja. Mei asingeiona.

Ubavu wake ukainuka mara moja — joto la kiganja changu tu.

Nimemrudisha. Nimeziba ufa kwa majani.

Jumapili, 20 Januari, asubuhi

Trekta la Matevž limeshapita kuelekea juu, tela limejaa mawe. Hakungoja kura.

Barua nimeiandika upya. Kurasa nne zimekuwa hizi sentensi chache:

Ndugu Mwenyekiti na wajumbe. Mimi, Lovrenc Zakrajšek, jana niligusa polhi watatu, wakiwa hai. Sikuleta hata mmoja, kwa kuwa kumleta ni kumwua. Shahidi sina, ila mkono wangu wa kulia. Naomba mwamue leo: mnaniamini, au hamniamini?